Maudhi madogo madogo na daftari la fundi wangu

Mtu wa kwanza kugundua kwamba mwili wangu umebadilika hakuwa mume wangu, wala muuguzi wa kliniki niliyokuwa nikiihudhuria kila baada ya miezi mitatu, bali alikuwa fundi wangu wa nguo, mama mtu mzima mwenye cherehani yake barazani kwenye nyumba moja ya Ngamiani, hapa Tanga. Fundi huyu ana daftari la shule lenye jalada lililochakaa, ambamo kila mteja ana ukurasa wake, na vipimo vyote vimeandikwa kwa penseli: kifua, kiuno, hipsi, urefu wa gauni, upana wa mkono. Julai 2021, aliponishonea gauni la Idd, mtoto wangu wa pili akiwa na miezi miwili, aliandika hipsi inchi 40. Desemba mwaka huo nilimpelekea kitambaa cha sare ya harusi. Akanizungushia futikamba, akasoma, akasoma tena, kisha akachukua kifutio. "Mwanangu, hapa tuandike upya," alisema, akaandika 42. Septemba 2022 akaandika 44, na safari hiyo hakuwa na haja ya kusoma mara mbili.

"Umenawiri," alinifariji. "Ndoa imekukubali."

Mimi nilijua kwamba ndoa ilikuwa ileile ya miaka saba iliyopita. Kilichokuwa kipya ni sindano ya uzazi wa mpango niliyoanza kuchoma mwezi uleule wa gauni la Idd, na swali ambalo nilikuwa nimeliuliza siku ya kwanza kabisa pale kliniki likajibiwa kwa maneno matatu.

Maneno hayo matatu ni "maudhi madogo madogo." Kila mwanamke wa Tanzania aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya mama na mtoto anayafahamu, kwa kuwa ndivyo wahudumu wetu wanavyofundishwa kuyaita mambo yanayoambatana na njia za uzazi wa mpango: kichwa kuuma, kichefuchefu, hedhi kuvurugika, uzito kuongezeka. Ukitoka nje ya geti la kliniki, neno linabadilika na kuwa "madhara," na hapo utasikia habari za vijiti vya mkononi vinavyosafiri hadi kwenye moyo, vidonge vinavyojikusanya tumboni mpaka vikawa uvimbe, na kitanzi kinachomchoma mume. Neno la kwanza limekusudiwa kunituliza na la pili limekusudiwa kunitisha, na mimi niliyekuwa na kilo 64 na gauni jipya nilikuwa nikitaka kitu cha tatu ambacho hakikuwemo ndani ya lolote kati ya hayo mawili, yaani tarakimu. Kilo ngapi? Kwa muda gani? Kwa wanawake wangapi? Na nikiacha, zinarudi?

Nilimwuliza muuguzi, "Sista, sindano hii inanenepesha?" Akanijibu kwa upole, huku akivunja kichupa, kwamba hayo ni maudhi madogo madogo, mama, utazoea. Sitamlaumu sana, maana foleni ilikuwa ndefu na alikuwa peke yake. Lakini kuna jambo moja ambalo hadi leo linanikereketa. Mwanangu alikuwa akipimwa kila mwezi palepale, akining'inizwa kwenye ile mizani ya saa iliyofungwa kwenye boriti, miguu ikitapatapa kwenye kaptula ya turubai, na gramu zake zote zikiwekewa nukta kwenye kadi ili ionekane kama mstari unapanda au unashuka. Kadi yangu mimi, ambayo nayo ina nafasi ya uzito kwa kila hudhurio, ilijazwa mara moja tu, siku ya kwanza. Sindano ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano nilichomwa bila kupanda juu ya mizani, ingawa mizani ya watu wazima ilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kiti nilichokalia. Kumbukumbu pekee ya mwili wangu kwa miezi kumi na mitano ilikuwa kwenye daftari la Ngamiani.

Siku niliyoamua kujipima mwenyewe nilimpa shilingi 200 kijana anayekaa karibu na stendi na mizani yake ya kukanyagia, nikavua viatu, nikamkabidhi mkoba. Mshale ulisimama kwenye 73.

Kilo tisa. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekwisha kuhukumu sindano, lakini kabla ya kuiacha nilitaka kuitendea haki, kwa hiyo nilijiuliza nini kingine kilikuwa kimebadilika tangu Julai ile. Zamani nilikwenda kazini kwa miguu, dakika ishirini na tano kwenda na nyingine kurudi. Baada ya kujifungua nilianza kupanda bodaboda ili niwahi kunyonyesha. Usiku, mtoto akiamka saa nane, nami niliamka na njaa yangu, na mkate wa kumimina uliobaki jioni haukuwahi kufika asubuhi. Njaa hiyo yenyewe huenda ilikuwa ni ya kunyonyesha, au ni ya sindano, au ni ya vyote viwili. Mwanamke anayeanza njia ya uzazi wa mpango mara nyingi anaianza wakati maisha yake yote yamepinduka, na ndiyo maana ni vigumu kwake kujua kilo ipi imeletwa na nini.

Utafiti ulionisaidia kutenganisha mambo hayo ni ule uliofanyika Afrika Kusini, Eswatini, Kenya na Zambia, ambao matokeo yake makuu yalitangazwa mwaka 2019. Uliwahusu wanawake zaidi ya 7,800, na lengo lake la msingi halikuwa uzito hata kidogo; watafiti walitaka kujua kama sindano ya miezi mitatu inaongeza hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI kuliko vijiti au kitanzi cha shaba, na jibu likawa kwamba hapakuwa na tofauti kubwa kati ya njia hizo tatu. Uzuri wake kwa mtu kama mimi ni kwamba wanawake wale waliokubali kushiriki hawakujichagulia njia, bali walipangiwa kwa kura, kwa hiyo huwezi kusema kwamba waliochoma sindano walikuwa tayari ni watu wa kunenepa. Watafiti walipokuja kuchambua uzito wa wanawake hao baada ya mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu, waliochoma sindano walikuwa wameongezeka wastani wa kilo 3.5, waliowekewa vijiti kilo 2.4, na waliowekewa kitanzi kilo 1.5.

Niliisoma hiyo ya mwisho mara kadhaa. Kitanzi cha shaba hakina homoni hata chembe, na bado wenye kitanzi waliongezeka kilo moja na nusu. Hiyo kilo moja na nusu ni ya umri, ya chakula, ya bodaboda, ya maisha. Ukiitoa kwenye 3.5, sindano inabaki na deni la kilo mbili hivi. Ukiitoa kwenye 2.4, vijiti vinabaki na deni lisilofika kilo moja. Kwa hiyo wanaosema sindano hainenepeshi wanakosea, na wanaosema kila kilo uliyoongeza ni ya sindano wanakosea vilevile.

Tatizo la wastani ni kwamba hakuna mwanamke anayeitwa wastani. Wapo waliochoma sindano miaka minne wakabaki vilevile, na tupo sisi wa kilo tisa. Watafiti wameonyesha njia moja ya kututambua mapema: mwanamke ambaye ndani ya miezi sita ya mwanzo ameongezeka zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake wa awali ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuendelea kuongezeka akiendelea na sindano. Asilimia 5 ya kilo 64 ni kilo 3 na gramu 200. Hesabu hiyo ingeweza kufanywa Januari 2022, siku ya sindano ya tatu, na kama fundi wangu angekuwa muuguzi ingefanywa, maana inchi mbili zilikuwa zimekwisha kuandikwa.

Hapa niseme kidogo jinsi sindano inavyofanya kazi, kwa sababu jirani yangu mmoja, mwanamke ninayemheshimu, alinieleza kwa uhakika kabisa kwamba damu isiyotoka kila mwezi lazima iende mahali, na kwamba kwangu mimi imegeuka mafuta. Ni kweli kwamba hedhi yangu ilikoma baada ya sindano ya pili, na ni kweli kwamba mafuta yaliongezeka, lakini la kwanza halikuzaa la pili. Dozi moja ya sindano ile ina miligramu 150 za medroksiprojesteroni, homoni inayozuia yai kupevuka na kuufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito ili mbegu zisipite. Homoni hiyohiyo huufanya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi ubaki mwembamba. Hedhi ni kubomoka kwa ukuta huo. Usipojengeka, hakuna cha kubomoka, na hakuna damu iliyojificha popote. Uzito unakuja kwa njia nyingine, na inaelekea sehemu kubwa ni hamu ya kula inayoongezeka. Wanaoongezeka huongezeka mafuta hasa, wala si maji, na ndiyo maana kilo zenyewe haziondoki wiki moja baada ya kuacha.

Niliacha Oktoba 2022, siku ambayo nilipaswa kuchoma sindano ya sita. Tulitumia kondomu nilipokuwa nikitafakari, na ninakiri kwamba kutafakari kwenyewe kulichukua miezi mitatu, kwa sababu kila njia niliyoigusa ilikuwa na jambo lake.

Vidonge vya majira, jina ambalo limebaki midomoni mwetu tangu enzi za uzazi wa majira, ndivyo nilivyovifikiria kwanza, kwa sababu kwa upande wa uzito rekodi yake ni safi kuliko sifa yake mtaani. Tafiti zilizolinganisha vidonge vyenye homoni mbili na vidonge visivyo na dawa hazikuona tofauti kubwa ya uzito. Baadhi ya wanawake huhisi kuvimba na matiti kuuma miezi ya mwanzo, jambo ambalo kwa wengi hutulia. Lakini vidonge hivyo si vya kila mtu: mwenye presha ya 140 kwa 90 au zaidi, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, aliyewahi kupata damu kuganda kwenye mishipa, mvutaji sigara aliyefikisha miaka 35, na anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita, wote hushauriwa njia nyingine. Mimi presha yangu ilikuwa nzuri. Kilichoniangusha ni kusahau. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila wanawake 100 wanaotumia vidonge kwa jinsi watu wanavyovitumia kwa kawaida, yaani kwa kusahausahau, 7 hupata mimba ndani ya mwaka wa kwanza. Wanaovimeza bila kukosa hawafiki hata mmoja. Mimi ni mtu ambaye dawa ya siku saba ya typhoid nimeimaliza kwa siku kumi na moja. Nilijijua, nikaviacha.

Kuna sindano nyingine ndogo inayochomwa chini ya ngozi, ambayo mwanamke anaweza kufundishwa kujichoma mwenyewe nyumbani. Ina miligramu 104 badala ya 150, na rafiki yangu aliniambia kwamba kwa kuwa dozi ni ndogo basi na unene utakuwa mdogo. Kwa bahati mbaya dawa iliyomo ni ileile, na kwa upande wa uzito haikuonyesha unafuu wa maana.

Vijiti nilivikaribia sana. Hapa Tanzania vimeipita sindano kwa umaarufu. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 sindano ndiyo iliyokuwa ikiongoza miongoni mwa wanawake walio kwenye ndoa, na kufikia ule wa 2022 vijiti vilikuwa vimeshika nafasi ya kwanza. Sababu inaeleweka. Unapigwa ganzi upande wa ndani wa mkono juu ya kiwiko, unawekewa kijiti kimoja au viwili kutegemea aina, unafungwa bandeji, unarudi nyumbani, na unasahau kwa miaka mitatu au mitano. Katika wanawake 1,000, anayepata mimba ndani ya mwaka mmoja ni kama mmoja. Ufanisi wake hauyumbi kwa mwanamke mnene, tofauti na vidonge vya dharura vya levonogestreli, ambavyo nguvu yake hupungua kwa mwenye uzito mkubwa. Na deni lake la kilo, kama nilivyosema, ni dogo. Ingekuwa uzito peke yake ndio unaoamua, ningekuwa navyo mkononi leo.

Lakini wifi yangu alikuwa navyo, na Ramadhani ya 2022 niliiona kwa macho yangu. Vijiti huvuruga hedhi kwa namna ambayo haitabiriki: mwingine haoni damu mwaka mzima, mwingine anaona matone wiki tatu mfululizo, yanaacha siku nne, yanarudi. Wifi yangu alikuwa wa kundi la pili. Kitaalamu damu ile haikuwa ya hatari, wala haikuwa nyingi, kitambaa kimoja kilimtosha kutwa. Kwake yeye, hata hivyo, swali halikuwa wingi wa damu bali ni damu gani. Kama ni hedhi, haswali wala hafungi. Kama ni istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, anatakiwa kuoga, kutawadha kwa kila swala, na kuendelea na ibada zake. Alikwenda kuuliza, akaelezwa kwamba kwa madhehebu yetu hedhi haizidi siku kumi na tano, na akafundishwa jinsi ya kuhesabu. Nikamwona akiwa na kalenda ya ukutani jikoni, akizungushia tarehe kwa kalamu nyekundu na ya bluu, amechoka, hana uhakika, akila daku siku asizojua kama saumu yake ipo. Kwenye vipeperushi jambo hilo linaitwa "kutokwa na matone ya damu kusiko na mpangilio," na limepangwa kwenye maudhi madogo madogo.

Alipotaka vitolewe, alirudishwa nyumbani mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa avumilie, mara ya pili aliambiwa kwamba muda wake haujaisha. Kituo sitakitaja. Nitasema tu kwamba muda ulioandikwa kwenye kadi ni kikomo cha dawa kufanya kazi, si kifungo cha mwanamke kukaa nayo; vijiti, kama kitanzi, hutolewa siku yoyote mwenyewe anapotaka, na mwanamke hatakiwi kutoa sababu inayomridhisha mtoa huduma. Mara ya tatu alikwenda na kaka yake, yaani mume wangu, na vikatolewa kwa dakika kumi. Jambo hilo la kwamba ilibidi aende mwanamume ndipo vitoke nalo lina maudhi yake, na si madogo.

Kikabaki kitanzi, ambacho wengine hapa wanakiita lupu na jirani zetu wa Kenya wanakiita koili. Nilikuwa nimekikwepa kwa sababu ya hofu ya kuwekewa kitu ndani, na kwa sababu tarakimu zake zilikuwa nzuri kupita kiasi, nami nina desturi ya kuwa na wasiwasi na kitu cha namna hiyo. Ni kipande cha plastiki chenye umbo la herufi T, kidogo kuliko kidole changu cha mwisho, kimezungushiwa waya wa shaba. Shaba hiyo inaharibu uwezo wa mbegu za kiume kulifikia yai. Katika wanawake 100 hata mmoja hatimii anayepata mimba kwa mwaka. Kinakaa miaka 12. Hakiongezi uzito kwa sababu hakina cha kuongezea. Bei yake iko kwingine: hedhi huwa nzito na ndefu zaidi, na tumbo huuma, hasa miezi mitatu hadi sita ya mwanzo. Kwa mwanamke ambaye tayari ana upungufu wa damu, hilo si jambo dogo, na ni lazima lizungumzwe kabla ya kupanda kitandani.

Safari hii nilibadilisha kituo, na safari hii niliuliza kwa tarakimu. Muuguzi wa pale, dada wa makamo yangu mwenye miwani iliyofungwa uzi, hakuchoka. Alinipima presha, akanipima uzito bila kuombwa, akanitoboa kidole kupima wingi wa damu, yaani himoglobini: gramu 12.4 kwa desilita. Akanieleza kwamba chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa kuwa ni upungufu, na kwamba mimi nimesimama mlangoni. Kwa kuwa hedhi yangu ilikuwa haijarudi tangu sindano, alipima mkojo ili kuhakikisha sina mimba. "Dada, nisikudanganye," alisema, "kitanzi hakitakunenepesha, lakini pedi utanunua." Katika miezi yote niliyozunguka na swali langu, hiyo ndiyo sentensi ya kwanza iliyonipa faida na gharama kwa mkupuo mmoja, na nadhani niliamua palepale.

Kuwekewa kwenyewe kulichukua muda mfupi kuliko nilivyoogopa. Nililala chali magoti juu, nikasikia baridi ya chuma, kisha alinitahadharisha kwamba sasa anapima kina cha mfuko wa uzazi, na maumivu yakaja mara mbili, makali, ya kubana, kama tumbo la hedhi lililokusanywa ndani ya pumzi moja. Jasho lilinitoka kwenye mdomo wa juu. Kisha nikasikia mkasi ukikata nyuzi, akanionyesha kwa vidole vyake urefu uliobaki. Nilikaa kwenye benchi la nje nusu saa kwa sababu kizunguzungu hakikunipa ruhusa, nikanywa soda, nikapanda daladala. Mume wangu, ambaye rafiki zake walikuwa wamemtisha kwamba atachomwa, aliuliza mara moja kwa aibu, nikamweleza kwamba nyuzi hulainika na hujikunja zenyewe, na hakuuliza tena.

Hedhi ilirudi Aprili 2023, miezi tisa tangu sindano ya mwisho, na kwa wasiofahamu niseme kwamba kuchelewa huko ni kawaida ya sindano. Anayetaka mtoto mwaka unaofuata alijue hilo kabla hajachoma. Ilirudi kwa kishindo. Siku nane, na siku tatu za mwanzo nilibadilisha pedi kila baada ya saa tatu. Mwezi wa pili nililala kazini juu ya meza. Mwezi wa nne nilimpigia simu wifi yangu nikamwambia kwamba naona nimebadilisha tatizo moja kwa jingine, akacheka, akasema angalau mimi najua lini naswali. Oktoba nilipopima damu nilikuwa na 11.3, nikaanzishiwa vidonge vya madini ya chuma, ambavyo navyo vina maudhi yake yasiyofaa kuelezwa mahali pa watu wazima wenye kula. Nilijiwekea sharti kwamba ikishuka chini ya 11 nitakitoa, na safari hiyo nisingekuwa na haja ya kwenda na mwanamume.

Haikushuka. Hedhi ilipungua ikawa siku sita, maumivu yakabaki ya siku moja, na kipimo cha mwezi uliopita kilisoma 11.9. Uzito wangu leo, miezi kumi na minane tangu nimewekewa, ni kilo 71. Wanaotarajia kwamba kuacha homoni kutawarudishia kilo zao wajue kwamba kwangu hakukurudisha. Kitanzi hakipunguzi chochote, kimeacha tu kuongeza, na zile mbili zilizotoka zimetoka kwa miguu, tangu niiache bodaboda ya asubuhi. Siwezi kumwambia mwanamke mwingine achague hiki. Mwenye hedhi nzito tangu zamani au damu iliyo chini huenda akapatana na vijiti kuliko mimi, na yupo mwanamke ambaye kukoma kwa hedhi kwa sindano ni rehema aliyokuwa akiiomba, na kilo mbili haoni kama ni kitu. Ninachoweza kumwambia ni kwamba apande juu ya mizani siku ya kwanza, aandike, apande tena baada ya miezi mitatu na ya sita, aandike, na kadi ikiwa na nafasi tupu aijaze mwenyewe.

Wiki iliyopita nilimpelekea fundi wangu kitambaa cha gauni. Alifungua ukurasa wangu, ambao kwa sababu ya kufutwafutwa sasa karatasi yake imekuwa nyembamba mpaka maandishi ya upande wa pili yanaonekana, akanizungushia futikamba, akafuta 44, akaandika 43. Hakusema nimenawiri wala hakusema nimekonda. Aliuliza tu kama anibakizie kitambaa ndani ya mshono, nikamwambia inchi moja inatosha.